Neno Hawala Lilipofika Minneapolis

Jumatano ya tarehe 7 Novemba 2001, maafisa wa serikali ya Marekani waliingia katika ofisi kadhaa ndogo mjini Minneapolis, jimbo la Minnesota, wakabeba kompyuta na makaratasi, wakazuia fedha na kufunga milango. Siku hiyohiyo ofisi za aina hiyo zilivamiwa Columbus, Seattle, Boston na kaskazini mwa Virginia. Rais George W. Bush alikwenda mwenyewe hadi mji wa Vienna, Virginia, kwenye kituo cha Wizara ya Fedha kinachofuatilia uhalifu wa kifedha, akatangaza kwamba mtandao wa Kisomali uitwao al-Barakaat ulikuwa ukiwasaidia al-Qaeda kupata na kusafirisha fedha. Katika wiki zile za baada ya Septemba 11, Wamarekani wengi walilisikia kwa mara ya kwanza neno ambalo Mswahili alilizoea tangu utotoni: hawala.

Kwa msemaji wa Kiswahili, hawala ilikuwa kitu cha dirisha la posta. Kaka yuko Mombasa au Dar es Salaam, ada ya mdogo wake inadaiwa kijijini. Anakwenda posta, analipa, na upande wa pili mtu anafika na kitambulisho chake, anatia sahihi, anahesabiwa noti. Hawala ya posta ilikuwa na mhuri wa serikali. Hawala ya benki nayo ilikuwa na nembo ya benki. Kamusi zetu huliweka neno hilo jirani na hundi, na hakuna mwalimu wa biashara aliyewahi kuwafundisha wanafunzi wake kuwa hawala ni jambo la kufichwa.

Basi ilikuwaje neno la dirisha la posta likawa neno la upekuzi?

Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kugeuka, kubadilika, kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kiswahili kimechukua zaidi ya neno moja kutoka mzizi huo. Hali ni mtoto wake, kwa kuwa hali hubadilika. Hila ni mtoto wake pia, yaani mbinu ya kugeuza mambo. Muhali, lile jambo lisilowezekana, ni wa nyumba hiyohiyo, na mtu anapopigwa na mshangao akasema "Lahaula!" anataja mzizi uleule bila kujua. Ukoo wenye hali, hila na muhali chini ya paa moja haukosi visa.

Katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, hawala ni kuhamisha deni. Juma anamdai Hamisi, na Hamisi anamdai Salimu. Hamisi anamwambia Juma akachukue haki yake kwa Salimu. Juma akikubali, Hamisi anatoka katikati na deni linabaki kati ya wawili waliosalia. Bukhari, aliyefariki mwaka 870, ametenga mlango mzima wa mkusanyiko wake wa hadithi kwa jambo hili, na mafunzo yake ni kwamba tajiri hapaswi kuchelewesha deni, na anayeelekezwa kwa mwenye uwezo na akubali. Minhaj cha Imamu Nawawi, kitabu kilichosomeshwa kwa vizazi vingi katika darsa za Lamu na Zanzibar, nacho kina mlango wake wa hawala. Kwa hiyo mwanafunzi wa dini wa pwani alilijua neno hili kama kanuni ya sheria iliyochambuliwa sharti kwa sharti, karne nyingi kabla ya kuwepo benki Afrika Mashariki.

Makaratasi ya madeni yalikuwa yakizunguka Afrika zamani sana. Msafiri Ibn Hawqal, katikati ya karne ya 10, aliona huko Awdaghust, katika nchi ambayo leo ni Mauritania, hati ya deni ya dinari 42,000 alizodaiwa mfanyabiashara mmoja wa mji ule na mwenzake wa Sijilmasa, upande wa pili wa Sahara. Kubeba dhahabu yote hiyo jangwani kungekuwa kuwaalika wanyang'anyi. Karatasi haikuwa na faida kwa mwizi.

Pwani yetu ilikuwa na watu wake wa kazi hii. Katika Zanzibar ya karne ya 19, kampuni ya Jairam Shivji, yenye asili yake Kutch, ilikodi ushuru wa forodha kutoka kwa Sultani na kwa muda mrefu ikawa kama hazina yake. Tharia Topan, tajiri mwingine wa Kihindi, aliwakopesha wafanyabiashara wa misafara, akiwemo Tippu Tip, bidhaa na mtaji uliolipwa kwa pembe za ndovu miaka kadhaa baadaye. Mwanahistoria Fahad Ahmad Bishara, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu madeni ya Bahari ya Hindi, anaonyesha jinsi nyaraka za mikopo zilivyounganisha Muscat, Zanzibar na bara katika mnyororo mmoja wa kudaiana. Wahindi walileta neno lao, hundi; Waarabu walikuwa na hawala na waraka; Kiswahili kikachukua yote matatu bila kubagua. Mpaka leo hundi kwetu ni ya benki, waraka ni wa ofisi, na hawala ni karatasi ya kumtumia fedha mtu aliye mbali. Kitenzi chake, kuhawilisha, kimepata kazi mpya Tanzania: mpango wa TASAF wa kuzipa kaya maskini ruzuku huitwa uhawilishaji fedha, na hakuna anayeshtuka.

Kila lugha ililivuta neno upande wake.

Waturuki wanasema havale, na ni jambo la kawaida kabisa la benki: fedha kutoka akaunti hii kwenda ile. Ajabu ni kwamba Mturuki akisema mtoto mchanga amepata havale, anazungumzia degedege. Katika benki za Ethiopia, huduma ya kupokea fedha za ndugu walio ng'ambo huitwa hawala kwa Kiamhari, imeandikwa wazi kwa hati zao pale kaunta. Waarabu wa leo wana hawala ya benki na hawala ya posta kama sisi.

Ni Bara Hindi ndiko neno lilikopata sura nyingi kuliko kwingine kokote. Kwa Kihindi na Kiurdu, kutoa hawala ni kutaja chanzo cha maneno yako, kama afanyavyo mwandishi mwenye tanbihi. Hawalat ni mahabusu ya polisi, kwa kuwa mtu amekabidhiwa mikononi mwa dola. Havildar, cheo cha askari kinachokaribia sajini, kimetoka hapohapo: mwenye kukabidhiwa dhamana. Halafu kuna maana ya mtaani, fedha zinazopita pembeni ya sheria za fedha za kigeni. Maana hii ndiyo iliyoyameza magazeti ya India baada ya mwaka 1991, polisi walipokamata madaftari ya ndugu wafanyabiashara wa ukoo wa Jain yenye orodha ya watu waliodaiwa kulipwa. Kufikia 1996 wanasiasa wakubwa walikuwa wameshtakiwa, mmoja wao, L. K. Advani, akajiuzulu ubunge, na ingawa kesi zilivunjika mahakamani, tayari neno hawala lilikuwa limenuka kwa Kiingereza cha dunia nzima. Wataalamu wa Marekani walipoandika kulihusu miaka ile, mifano yao mingi ilitoka Bombay, Karachi na Dubai. Baadhi ya maandishi ya Kiingereza yakaenda mbali zaidi na kudai kuwa maana ya neno ni "uaminifu", jambo ambalo halina msingi katika mzizi wake. Maana hii ilipendwa kwa sababu ilitoa picha ya watu wa ajabu wanaopeana mamilioni kwa kushikana mikono tu.

Wasomali ndio waliolifikisha neno Minnesota, na kwao lina historia nyingine kabisa.

Katika miaka ya 1970 na 1980, Wasomali wengi walikwenda kufanya kazi Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba. Serikali ya Siad Barre ilibana fedha za kigeni, na benki za taifa zilibadilisha kwa bei ya hasara. Njia iliyotumika ikaitwa kwa jina lenye lafudhi ya Kitaliano, franco valuta: mfanyakazi alimpa mfanyabiashara riale zake huko Jeddah, mfanyabiashara akanunua bidhaa, akazishusha Mogadishu au Berbera, akaziuza, kisha akailipa familia ya mfanyakazi kwa shilingi za Somalia. Mzigo wa nguo au sukari ndio uliokuwa umebeba mshahara. Kampuni ya kutuma fedha ya Dahabshiil, iliyoanza Burao mwaka 1970 kama biashara ya kawaida, ilikua katika mazingira hayo. Mswahili ataling'amua nusu ya jina lake: dahab ni dhahabu, na shiil ni kuyeyusha.

Serikali ilipoanguka Januari 1991, benki zilianguka nayo. Hapakuwa na benki kuu, hapakuwa na posta. Watu walitawanyika hadi Nairobi, London, Toronto, na kila aliyefika mahali salama alikuwa na mama, shangazi au mdogo wake aliyebaki kambini au vijijini. Kampuni za kutuma fedha zikachukua nafasi ya dola. Zilitumia redio ya upepo, kisha faksi, kisha kompyuta. Mpokeaji katika mji wa ndani, asiye na kitambulisho chochote kwa kuwa hapakuwa na ofisi ya kukitoa, aliulizwa jina lake, la baba, la babu, la ukoo, na pengine swali moja ambalo mtu wa nje asingeweza kulijibu. Utambulisho huo ulikuwa mgumu kuughushi kuliko kadi ya plastiki.

Kisomali huandika xawaalad au xawilaad. Hati ya Kilatini iliyoidhinishwa mwaka 1972 hutumia x kwa ile h nzito ya Kiarabu ambayo Kiswahili kiliilainisha. Lakini tofauti kubwa iko kwenye maana. Kwa Mswahili hawala ni karatasi. Kwa Msomali ni kampuni, ni duka, ni mlango unaouingia. Majina yaliyoandikwa juu ya milango hiyo msomaji wa Kiswahili huyasoma bila mkalimani: Barakaat, Amana, Tawakal, Taaj. Wenyeji wa Eastleigh, Nairobi, nao wamekwishaichukua maana hiyo ya Kisomali, na mtu akisema anakwenda hawala utajua anakwenda dukani.

Minneapolis iliwapata Wasomali wake kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990. Wengi walivutwa na kazi za viwanda vya nyama, hasa kiwanda cha bata mzinga mjini Marshall, ambako Kiingereza kingi hakikuhitajika ili mtu aajiriwe. Habari zikasambaa, ndugu akamwita ndugu. Wengi walikuwa wamepitia Kenya: Dadaab, Kakuma, au Utange karibu na Mombasa, kambi ambamo Ilhan Omar, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Minneapolis katika Bunge la Marekani mwaka 2018, aliishi akiwa mtoto. Ndiyo maana Kiswahili husikika katika mitaa hiyo hata nje ya vikundi vya Wakenya wa Brooklyn Park, na mzee wa Kisomali anaweza kukugeukia akasema "karibu" kwa lafudhi safi ya Mombasa.

Mtaa waliouingia, Cedar-Riverside, haukuwa mgeni kwa watu wanaotuma fedha nyumbani. Mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwa wa Waswidi, Wanorwe na Wadenmark. Cedar Avenue iliitwa Snoose Boulevard kwa sababu ya snus, ule ugoro wao wa kuweka chini ya mdomo. Jumba lao la Dania Hall, lililojengwa 1886, lilikuwa ukumbi wa ngoma, tamthilia na mikutano hadi lilipoungua mwaka 2000. Wafanyakazi wale wa mbao na wa reli walituma dola kwa wazazi wao, na tiketi za meli zilizolipiwa kabisa kwa wadogo zao. Leo juu ya mtaa huo yamesimama majengo ya Riverside Plaza, yaliyochorwa na Ralph Rapson na kukamilika 1973, refu kuliko yote likiwa na ghorofa 39. Wapangaji wake wengi ni Waafrika Mashariki. Kilomita chache kusini, karibu na Lake Street, kuna Karmel, soko la ndani lenye vyumba vingi vya maduka, msikiti, mikahawa, mafundi cherehani na ofisi za kutuma fedha, baadhi zikiwa na upana wa meza moja na kiti cha mteja.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Mama anafika na dola 200, anatoa kitambulisho, anataja jina na namba ya simu ya mpokeaji Garissa au Baidoa, analipa ada ya karibu dola 5 kwa kila 100. Pengine kabla hajafika nyumbani, ujumbe umeingia kwenye simu ya mpokeaji. Fedha alizolipwa mpokeaji zilikuwa tayari Baidoa, kwenye sanduku la wakala. Deni kati ya Minneapolis na Baidoa hulipwa baadaye: kampuni hukusanya dola za wateja wengi, huziweka katika benki ya Marekani, benki huzituma kwa mkupuo Dubai, na Dubai wafanyabiashara hununua mchele, sukari na simu za kupeleka Mogadishu na Bosaso. Kwa maneno mengine, franco valuta haijafa.

Zingatia benki iliyo katikati ya mnyororo huo. Wanaosema hawala ni njia ya kuzikwepa benki hawajaitazama ya Minneapolis. Ofisi za Karmel zilitakiwa kujiandikisha kwa serikali kuu, kupata leseni ya jimbo na kutunza kumbukumbu. Zaidi ya hayo zilihitaji akaunti, kwani bila akaunti dola hazitoki Minnesota.

Sasa turudi kwenye mwaka 2001. Tarehe 26 Oktoba, Bush alitia sahihi sheria iitwayo PATRIOT Act, iliyopanua maana ya biashara ya kutuma fedha ili iihusishe mifumo isiyo rasmi, na kufanya kuiendesha bila leseni kuwa kosa rahisi zaidi kulishtaki. Siku 12 baadaye milango ikafungwa. Al-Barakaat ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote Somalia, yenye simu na intaneti pamoja na huduma ya fedha, hivyo pigo lilifika mbali: wapo waliokatiwa simu za nje, na wapo waliongoja posho ya mwezi isiyofika. Miongoni mwa majina yaliyowekwa kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi zilikuwamo Aaran Money Wire Service na Global Service International, ofisi za Minneapolis.

Agosti 2002 majina hayo mawili, pamoja na mengine machache, yaliondolewa kwenye orodha. Mwaka 2004 watafiti wa Tume ya Septemba 11 walitoa ripoti maalumu kuhusu fedha za ugaidi yenye sura nzima juu ya al-Barakaat. Ushahidi wa kuiunganisha na mashambulizi haukupatikana. Fedha za watekaji nyara wa ndege zilikuwa zimepita kwenye benki za kawaida, katika akaunti zenye majina yao. Na Septemba 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi iliyofunguliwa na mfanyabiashara Yassin Kadi pamoja na tawi la Barakaat la Uswidi, iliamua kwamba kuzuia mali za watu bila kuwapa nafasi ya kujitetea kulikuwa kinyume cha haki zao za msingi.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kosa la 2001 lilikuwa la kiusalama na la lugha kwa pamoja. Neno lililobebwa kutoka kashfa za India lilibandikwa juu ya biashara ya Kisomali iliyokuwa na kibao mlangoni. Kiingereza cha Marekani hakikuwa na hawala nyingine ya kulinganisha nayo. Kilichokuwa nacho ni Western Union, kampuni ambayo nayo huwezesha mtu kulipa hapa na mwingine kupokea kule, na hakuna aliyeiita mfumo wa siri.

Hii haina maana kwamba hofu yote ilizuliwa. Oktoba 2011 wanawake wawili wa Rochester, mji wa kusini mwa Minnesota, walipatikana na hatia ya kuchangisha na kupeleka kiasi cha dola 8,600 kwa al-Shabaab, na fedha zilipita kwenye ofisi hizihizi. Ushahidi ulitokana kwa sehemu kubwa na simu zao zilizorekodiwa. Lakini kesi ile iliogofya benki. Sunrise Community Banks, yenye makao yake Saint Paul, ilikuwa benki kubwa ya mwisho Minnesota iliyokubali kuzihudumia ofisi za Kisomali, baada ya nyingine kujitoa mojamoja. Ilitangaza kwamba itazifunga akaunti hizo tarehe 30 Desemba 2011.

Wakati wenyewe haungeweza kuwa mbaya zaidi. Umoja wa Mataifa ulikuwa umetangaza njaa kusini mwa Somalia tarehe 20 Julai mwaka uleule. Wasomali wa Miji Pacha, yaani Minneapolis na Saint Paul, waliandamana, viongozi wa dini wakazungumza, na Keith Ellison, mbunge wa Minneapolis wakati huo, akatafuta suluhu Washington. Swali lao lilikuwa moja: mtu aliye na njaa katika mkoa wa Bay au Bakool atatumiwa fedha na nani, ikiwa hakuna benki ya kimataifa inayofika huko?

Siku ya 30 Desemba ilifika na akaunti zikafungwa. Baadhi ya kampuni zilipata njia kupitia benki za majimbo mengine, nyingine zikahangaika. Ellison aliendelea, na tarehe 8 Agosti 2014 Rais Obama alitia sahihi sheria aliyoidhamini, ya kurahisisha ukaguzi wa kampuni za kutuma fedha kwa kuwaruhusu wakaguzi wa serikali kuu kutegemea kazi ya wale wa majimbo. Haikuilazimisha benki yoyote kufungua mlango. Miezi sita tu baadaye, Februari 2015, Merchants Bank of California, iliyokuwa ikipitisha sehemu kubwa ya fedha za Marekani kwenda Somalia, ilifunga akaunti zake nayo. Oxfam na wenzake walikadiria mwaka huo kuwa Wasomali wa ng'ambo hutuma dola bilioni 1.3 kwa mwaka, na kati ya hizo milioni 215 hutoka Marekani.

Jambo hili halikuwa la Marekani peke yake. Uingereza, Barclays ilitaka kuiondoa Dahabshiil mwaka 2013, na kampuni ikapata zuio la Mahakama Kuu ya London mwezi Novemba. Kenya ilikwenda mbio zaidi: baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, Benki Kuu ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha, na ikazirudisha mwezi Juni baada ya malalamiko ya wafanyabiashara na mashirika ya misaada. Tofauti na Marekani, nchini Kenya neno hawala lina maana nzuri katika kamusi za lugha ya taifa, na bado lilitajwa kwenye vyombo vya habari kwa ile sauti ya kutilia shaka. Habari za Kiswahili huchukua maneno mengi kutoka kwa mashirika ya habari ya Kiingereza. Hawala iliyorudi kupitia njia hiyo haikuwa ile ya posta. Wahariri wetu wangeweza kulikataa kivuli hicho. Hawakufanya hivyo.

Kule Minneapolis kufungwa kwa akaunti kulileta picha nyingine iliyotumiwa vibaya: begi. Kampuni isiyo na benki ya kutuma fedha Dubai hulazimika kuzibeba, na mtu huruhusiwa kisheria kutoka Marekani na fedha taslimu za kiasi chochote, mradi azitangaze kwa forodha zikizidi dola 10,000. Watu walitangaza, wakajaza fomu, wakapanda ndege. Mei 2018 kituo kimoja cha televisheni cha Miji Pacha kiliunganisha mabegi hayo na wizi wa ruzuku za malezi ya watoto, kikitaja dola milioni 100 kwa mwaka na uwezekano wa kuwafikia magaidi. Ofisi ya Mkaguzi wa Bunge la Minnesota ilichunguza na kutoa ripoti Machi 2019. Ilikuta udanganyifu katika mpango ule. Ile milioni 100 na ile habari ya magaidi haikuweza kuzithibitisha. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2022, waendesha mashtaka walifungua kesi za shirika la Feeding Our Future, kuhusu wizi wa dola milioni 250 zilizotengwa kwa chakula cha watoto wakati wa UVIKO, na washtakiwa wengi walikuwa na asili ya Kisomali. Hatia nyingi zilithibitishwa. Kila kesi ya namna hiyo ilipotajwa, hawala iliburutwa nayo kwenye mazungumzo, hata pale fedha zilipokuwa zimepita benki na kununua nyumba na magari papo hapo Minnesota.

Wakati huohuo teknolojia imekuwa ikiupunguza umuhimu wa duka. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, Zaad ya kampuni ya simu ya Telesom ikafuata Somaliland mwaka 2009, na siku hizi kijana wa Minneapolis hutuma fedha kwa programu ya simu akiwa kwenye basi. Wazee bado huenda Karmel, kwa kuwa pale hupata pia habari za nyumbani na mtu wa kumlalamikia fedha zikichelewa.

Sheria ya kodi nayo imewagusa wazee hao zaidi ya vijana. Julai 2025 Rais Trump alitia sahihi sheria kubwa ya kodi na bajeti, ambayo ndani yake kuna kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje ya Marekani kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Inamhusu mtumaji anayelipa kwa fedha taslimu, hawala za posta au hundi za kaunta ya benki. Mteja wa Karmel anayeweka dola 200 mezani anadaiwa dola 2 juu ya ada ya ofisi. Anayelipa kwa akaunti au kadi ya benki ya Marekani hadaiwi kodi hiyo.